Vipimo vya Jeneza la Mama

4 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Najua ungekuwa hapa ungeniamkia. Huku tu wazima. Wifi yako goti limemkalia vibaya tangu mwaka uanze, ngazi za kanisa anazipanda kwa ubavu. Mimi ni mzima isipokuwa masikio. Msumeno wa mashine umeyamaliza, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu nasikia mvumo tu. Mara ya mwisho shemeji aliponipigia nilimwitikia "amina" mara nne, kumbe maskini ananijulia hali.

Karakana inakwenda. Watu hawaachi kufa, tunasikitika na tunashukuru. Wiki iliyopita mchungaji mmoja alikuja kulijaribu jeneza aliloagiza mapema. Nikamwambia, "Mchungaji, hivi si viatu." Akavua koti, akaingia, akalala, akasinzia. Wanandoa wawili waliokuja kuulizia kabati la nguo walimwona anajigeuza ubavu, wakatoka mbio, na hawajarudi mpaka leo.

Sasa neno lenyewe. Nina mbao za mninga zilizokauka kivulini miaka miwili, hazina ufa wala jicho. Nataka kumchongea Mama jeneza lake sasa, kwa utulivu, yeye akiwa hai na mimi nikiwa bado naona mstari wa penseli. Sisemi anakufa. Nasema yale ya Baba yasijirudie. Nipatie urefu wake na upana wa mabega, na umpime bila yeye kujua. Wewe ni fundi cherehani, futi inaning'inia shingoni mwako tangu asubuhi, hutakosa kisingizio.

Nisalimie shemeji. Mama mwambie nampenda, ila usimwambie kwa nini nimemkumbuka.

Kaka yako,
Fundi

27 Februari

Kaka yangu Fundi,

Shikamoo, na ile marahaba uliyoitanguliza irudishe mfukoni uitumie upya. Shemeji yako mzima. Tangu astaafu anasimamia kila sufuria ya nyumba hii na ananifundisha kuchemsha maji. Mama ni mzima kutupita sote. Themanini na ushee, na bado anajua nani mtaani kagombana na nani, tena kabla wenyewe hawajagombana.

Kwanza acha nikucheke. Nyinyi wa kanisani mnamwandaa marehemu kama anahamia nyumba mpya: mto, shuka, vishikio vya kung'aa. Mimi hapa msikitini nimewaosha wanawake wa kila namna, bibi tajiri na mpishi wake, na wote nimewakatia kitambaa kile kile cheupe, vipande vitano, bila kifungo wala mfuko. Jeneza la msikiti ni moja tu. Linambeba huyu mpaka kaburini, linarudi tupu, linamsubiri mwingine. Baba alikwenda nalo hilo hilo. Ungekuwa fundi wa msikitini ungekufa njaa.

Haya, vipimo. Nilimwambia Mama namshonea gauni. Akasimama ukutani bila maneno, jambo ambalo lilipaswa kunishtua mapema. Nilipoinama kusoma futi nikaona visigino viko hewani.

"Mama, teremka."

"Niko chini."

"Visigino viko juu."

"Andika hivyo hivyo. Sitaki kubanwa miguu huko ninakopelekwa."

Nikakunja futi. Akaniambia, "Mwambie kaka yako aweke kidirisha usoni. Nataka nione nani amekuja na nani kasingizia ana kazi nyingi."

Kwa hiyo siri yako imedumu muda wa kupima mwili mmoja. Urefu ni futi nne na inchi mbili, mabega inchi kumi na tano. Nimeondoa inchi moja ya visigino.

Mdogo wako,
Sindano

19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Goti la wifi yako linaendelea kuwa goti. Mvua imeingia karakana na kulowesha maranda, kwa hiyo kutwa tunanuka kama banda la mbuzi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Futi nne na inchi mbili. Sikujua Mama amepungua kiasi hicho. Mimi namkumbuka akifikia rafu ya juu ya kabati la vyombo bila kupanda stuli, pale alipokuwa akituficha sukari. Anakula vizuri? Mnampa maziwa? Sikulaumu, uzee ni uzee, lakini ungenidokeza mtu wangu anavyokwisha.

Jeneza limekamilika. Nimeongeza inchi sita za kupumulia, nikapiga msasa kwa mkono siku tatu, na kidirisha nimekiweka, kioo safi. Wifi yako alipoliona aliuliza ni la mtoto wa nani. Nikamwambia ni la Mama. Akakaa chini pale pale akalia, na kwa goti lile ikabidi nimnyanyue kama gunia.

Na kuhusu hilo vazi lenu lisilo na mfuko, usifikiri ni nyinyi tu mnaojua unyenyekevu. Mwaka jana nilipata kazi kutoka kwa familia ya fundi saa mzee, Myahudi, aliyekuwa na duka kona ya benki. Mwanawe alitaka sanduku la mbao tupu, bila vanishi, bila kitambaa, na bila kipande cha chuma hata kimoja. Hakuna msumari, hakuna bawaba. Mtu na mbao zake vioze pamoja, virudi udongoni bila kuacha takataka. Nilichonga vijiti vya mbao nikavigonga badala ya misumari. Katika majeneza yote niliyotengeneza, ni lile tu lililonifanya nikae nalitazama. Na mzee mwenyewe maisha yake yote alishinda na vyuma vidogo vidogo.

Mpe Mama maziwa.

Fundi

8 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, shemeji yako kaunguza wali aliokuwa akiusimamia mwenyewe, na mpaka sasa hatujamsamehe.

Nimeicheka barua yako mpaka nikaacha kushona. Kaka, urefu wa gauni hupimwa kutoka begani mpaka chini. Kichwa hakivai gauni. Nimepima watu hivyo miaka thelathini, mkono ulikwenda wenyewe, nikaandika nilichozoea kuandika. Mama hajapungua. Bado anafikia rafu ya juu, na sukari bado anaificha, sasa anamficha shemeji yako. Umemchongea mama yako jeneza la mninga ambalo humo ndani atalazimika kukunja magoti au kukiacha kichwa nyumbani. Hicho kidirisha sijui kingeonyesha nini.

Nilimsomea Mama yote, maana macho yake hayapendi tena mwandiko wako. Alicheka mpaka akakohoa nikampiga mgongoni. Halafu akafuta machozi ya kicheko.

"Na yeye akaamini?" akaniuliza.

"Aliamini, Mama. Wifi kalia."

"Kwa hiyo mwanangu hajui mimi ni mrefu kiasi gani."

Ni miaka kumi na moja hujakanyaga hapa, kaka. Kila nikikuuliza unakuja lini unanijibu habari za goti.

Kesho yake asubuhi alikuja kwenye cherehani, akaniambia, "Nikatie sanda. Nimeamua nizikwe kama baba yenu, siku hiyo hiyo, bila sanduku, kwa ubavu wa kulia." Nikamweleza kuwa sanda haivaliwi kama gauni, kwanza mtu atamke shahada, awe Mwislamu. Akasema, "Hilo nitalifikiria. Wewe kata kitambaa."

Sikukata. Lakini nakwambia ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha, na nikaona aibu. Siku zote tulikubaliana bila kuandikiana: mimi nilimfuata Baba msikitini, wewe ukamfuata Mama kanisani, na kila mmoja atazikwa na wake. Sasa unasemaje? Na jambo lingine, lile jeneza ulilomletea Baba uliliweka wapi?

Sindano

30 Mei

Mdogo wangu,

Tuko salama.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo wifi yako alikataa kuyapeleka posta. Hii ni ya nne.

Mama amebatizwa. Tena mara mbili, ya kwanza alipokuwa mchanga kwa maji ya kikombe, ya pili ukubwani na wale wa mtoni waliomzamisha mzima mzima na kiatu kikapotea. Ana shela ya umoja wa akina mama na kitabu cha nyimbo kilichochakaa. Atavalishwa, atalazwa, watu wake watamuaga mmoja mmoja, na kama mtu anatoka mbali atasubiriwa. Kwetu marehemu anasubiri. Siku tatu, nne, hata wiki. Mnatucheka kwamba tunachelewesha, lakini mtoto anafika na anamwona mzazi wake uso.

Unaniuliza jeneza la Baba. Nilijua Waislamu hawazikwi ndani ya jeneza, mimi si mjinga. Nilitaka abebwe nalo kutoka nyumbani mpaka kaburini, pale atolewe, na mimi nirudi nalo. Ndicho kitu nilichokuwa najua kumfanyia. Habari zilinifikia asubuhi, nikalichonga kutwa nzima, nikapanda nyuma ya lori nimelishika lisikwaruzwe. Nikafika kesho yake nikakuta mnakunywa chai. Baba alishazikwa tangu alasiri. Shehe wako hakuweza kumngoja mtoto wa kiume wa pekee hata siku moja, na nilimwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mwizi wa maiti, na narudia hapa kwa maandishi.

Liko chumbani kwetu, miguuni mwa kitanda. Tunaweka mablanketi. Wateja wawili walitaka kulinunua, nikawafukuza.

Mama haendi na sanda. Mwambie.

Kaka yako

16 Juni

Kaka yangu Fundi,

Shikamoo, na pole kwa barua tatu ulizozichana. Shemeji yako anakusalimu, anasema kuhusu shehe yeye hasemi kitu.

Habari ya sanda imekwisha. Iko nyingine, keti kwanza. Wiki mbili zilizopita alifariki jirani yetu Mhindu, yule mzee mwuza vitambaa ambaye Mama alikuwa akimpunja kwenye karata. Mama akataka kwenda kumsindikiza. Tukampeleka na kiti chake. Wakamlaza mzee juu ya kuni zilizopangwa vizuri, wakammiminia samli, mwanawe mkubwa akazunguka na moto, akawasha. Mama alikaa pale saa nzima mikono mapajani, kama mtu anayeangalia chakula kisiungue.

Tulipofika nyumbani akatangaza, "Mimi nichomwe."

Shemeji yako akaangusha kikombe.

"Hakuna kubanwa," akasema, "hakuna kupimwa, hakuna kugombania makaburi ya kanisa au ya msikiti. Na anayewasha ni mtoto wa kiume wa kwanza, kwa hiyo kaka yako itabidi aje. Mbao anazo."

Nilikwenda kwa mchungaji wake, nikakuta ameshaambiwa, kashika kichwa. Nikaenda kwa shehe kumwuliza nimjibuje mzee kama huyu, naye akacheka mpaka akavua miwani. Siku mbili nilizunguka na jambo hilo kabla sijafungua macho. Kaka, hebu angalia tarehe. Barua zikija, Mama anataka kidirisha tu, mwema kabisa. Akiona huna habari naye, au barua ikichelewa, anabadili mazishi. Yako ilipochelewa Mei nzima, sanda ikawa haitoshi, akaenda kwenye moto.

Nikamkalisha. Nikamwambia, "Mama, acha mchezo. Unataka nini hasa?"

Akasema, "Nataka mje mgombane hapa sebuleni, nikiwasikia. Kwenye karatasi mnagombana kwa adabu mno. Nikishakufa mnizike vyovyote, mimi sitakuwepo."

Mpaka hapa nimemsomea. Kipande kinachofuata sitamsomea, na wewe ukishakisoma ufanye unavyoona.

Siku ile ya Baba, shehe aliniuliza, "Mwanawe yuko njiani?" Nikasema yuko njiani. Akasema, "Haraka ni bora, lakini tukingoja mpaka kesho asubuhi hapana ubaya, mtoto amwone baba yake." Mimi ndiye niliyesema hapana. Si dini iliyokataa, ni mimi. Nilikuona mawazoni unashuka na jeneza lako, nyuma yako wimbo wa kwaya, mlangoni wazee wa msikiti wamekunja nyuso, na Baba amelala katikati mnavutana juu yake. Nilikuwa nimechoka kumlilia tangu asubuhi, sikuwa na nguvu ya kuongeza na aibu. Nikasema azikwe leo. Nikawaambia watu shehe ameamua.

Ulipomwita mwizi wa maiti, alikuwa na jibu mdomoni. Alinitazama, akalimeza. Miaka kumi na moja ananisitiri, na kila akipita dukani ananiuliza, "Kaka yako hajambo?" Mimi namjibu hajambo.

Nimewaosha wanawake wengi tangu hapo. Kila mara akiwepo mtoto aliye safarini nawaambia watu, tusubiri, tusubiri kidogo. Wanadhani ni huruma.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, andika hivyo hivyo, lakini andika, la sivyo Mama atataka kutupwa baharini.

Sindano

21 Julai

Sindano,

Mama mpe shikamoo yangu. Wifi yako hajambo, na safari hii sina habari ya goti.

Barua yako ilifika wiki nne zilizopita. Siku ya kwanza sikufanya kazi. Siku ya pili nilifanya kazi vibaya, nikakata mlango wa mteja ukawa mfupi, na watu wakasema naanza kuwa na mkono wa dada yangu. Siku ya tatu nilimwambia wifi yako. Akaniuliza, "Na kama angekusubiri, ungefanya nini ulipofika?" Nikamwambia ningemuaga Baba kwa amani. Akasema, "Mbele yangu usiseme uongo." Basi nikakaa nikafikiri. Kweli, mchungaji alikuwa nami kwenye lile lori. Na wanakwaya sita. Hilo sikuwahi kukuandikia. Kwaya walikuwa na wimbo tayari.

Kwa hiyo ulichokiogopa kilikuwa njiani kinakuja. Hilo nakupa. Lakini lilikuwa juu yangu kuaibika, dada. Ungeniacha niaibike, niwe nimemwona. Sijui uso wake ulikuwaje mwisho. Nikijaribu kumkumbuka namwona akiwa na umri wa arobaini, anatuchongea vigari, na mimi sasa ni mzee kumzidi yule.

Shehe nimemwandikia. Barua fupi, nimeomba radhi kwa lile neno. Amenijibu kwa mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Anasema jeneza la msikiti limelegea mguu mmoja, wabebaji wanayumba, na kama nitapita upande huo nije na randa. Sikujua shehe ana utani.

Mwambie Mama simwashii mtu kiberiti. Azikwe kanisani, azikwe kwa sanda, achomwe, mimi na wewe tutalisema hilo tukiwa tumekaa naye, na naahidi kukosa adabu kadiri atakavyopenda.

Nimekasirika, mdogo wangu. Usidhani kwa kuwa nimeandika vizuri nimekusamehe. Nimepanda na kushuka na hasira hii mwezi mzima na haijapungua hata inchi. Lakini basi linaondoka Alhamisi na nimeshakata tiketi, mimi na wifi yako. Naja nayo hivyo hivyo. Nikisema ningoje ipoe kwanza, nitafika nikute Mama naye mmeshamzika, na safari hii sitakuwa na shehe wa kumlaumu.

Kaka yako